Anayetaka kusomea bustani aulize kwanza habari za udongo

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, kilimo cha bustani, usanifu wa mandhari na usimamizi wa bustani za umma hutajwa mwisho kabisa, kama kimbilio la aliyekosa udaktari na uhandisi. Wazazi nao huuliza: mtoto aende chuo kikuu akajifunze kumwagilia maua? Sisi tunaofanya kazi hii tunaona swali hilo ni halali, na tungependa lijibiwe bila hotuba za mazingira. Kinachosomewa pale ni hesabu, kemia, biolojia na sheria za uzito na maji. Kasoro tunayoiona ni kwamba baadhi ya kozi hufundisha kuchora vizuri kuliko zinavyofundisha kuotesha, na mwanafunzi hulijua hilo akiwa amekwishahitimu.

Tutofautishe kwanza, maana majina ya kozi hupotosha. Kilimo cha bustani hushughulika na mmea wenyewe: mbegu, vipandikizi, kubebesha, kitalu, lishe, wadudu na magonjwa. Usanifu wa mandhari hushughulika na eneo: miinuko, njia, mifereji, kivuli, mahali pa kukaa na mahali pa kupita. Usimamizi huanza siku mkandarasi anapokabidhi kazi na hauna mwisho. Vyuo vingine huzichanganya zote katika shahada moja ya miaka mitatu au minne, na mchanganyiko huo si mbaya hata kidogo. Frederick Law Olmsted aliteuliwa mwaka 1857 kusimamia kazi katika bustani ya umma ya Central Park, New York, kisha mwaka uliofuata yeye na Calvert Vaux wakashinda shindano la kuichora. Msimamizi alitangulia msanifu, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Chuo Kikuu cha Harvard kilipoanzisha masomo ya usanifu wa mandhari mwaka 1900, fani ilianza kujitenga na koleo, na mpaka leo kuna wahitimu ambao hawajawahi kulishika.

Tuanze na udongo, kwa sababu huko ndiko miti mingi ya mijini hufia. Mmea unahitaji hewa mizizini kama unavyohitaji maji. Katika kiwanja cha ujenzi, magari hupita juu ya udongo na kuushindilia, na sehemu kubwa ya madhara hutokea katika safari chache za mwanzo, hasa udongo ukiwa na unyevu. Kwa macho hutaona kitu. Lazima upime. Chukua pete ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 5, ipigilie taratibu mpaka ijae, ikate chini kwa kisu, kisha kausha udongo wake katika oveni kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24. Ujazo wa pete hiyo ni takribani sentimita za ujazo 98. Udongo mkavu ukiwa na gramu 160, gawanya: unapata gramu 1.63 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa udongo wa kichanga, mizizi bado itapenya, kwani kizuizi huanza karibu na 1.8. Kwa mfinyanzi, ambao huanza kuzuia karibu na 1.5, mti utakaoupanda hapo utaishi kwa kumwagiliwa tu, na siku utakapoachwa utaanza kukauka kuanzia ncha za matawi.

Dawa yake ni kuzungushia uzio eneo la kupanda kabla trekta la kwanza halijaingia. Ukichelewa, itabidi uupasue udongo kwa kina cha sentimita 40 hadi 60 wakati una unyevu wa wastani, uchanganye mboji, kisha usiruhusu gari kupita tena. Kuupasua mfinyanzi ukiwa umelowa kunaumiza zaidi: jino la chuma hulainisha kuta za ufa, na zikikauka huwa ngumu kama zilivyokuwa.

Kipimo cha pili hakihitaji maabara. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha upime maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mahali hapo hapafai kwa mimea isiyovumilia maji yaliyotuama. Hapa ndipo wengi hukosea wakidhani wanasaidia: huchimba shimo katika mfinyanzi na kulijaza udongo mzuri ulioletwa kwa lori. Maji hupenya upesi katika udongo huo laini, hukuta kuta zisizopitisha, na shimo linageuka karai. Mti huoza mizizi huku mtunzaji akiongeza maji kwa kuwa majani yamenyauka. Ni afadhali kupanda juu kidogo ya usawa wa ardhi na kurudishia udongo uleule uliochimbwa.

Kuna hesabu moja ambayo tungependa kila mwanafunzi wa usanifu aifanye kabla hajachora duara la kijani pembeni mwa barabara. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila mita moja ya mraba ya kivuli cha mti inahitaji takribani mita za ujazo 0.6 za udongo unaopenyeka. Mti wenye mwavuli wa kipenyo cha mita 6 hufunika mita za mraba 28, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 17 hivi. Shimo la kawaida la kando ya njia, mita 1.2 kwa 1.2 na kina cha sentimita 90, lina mita za ujazo 1.3. Duara linapendeza kwenye karatasi, lakini udongo uliopo unatosha kwa kichaka. Mizizi ikikosa nafasi hufanya mambo mawili: ama huinua lami na vigae, ama mti hudumaa na kufa kabla haujatoa kivuli kilichoahidiwa. Suluhisho ni kuunganisha mashimo kuwa mfereji mmoja mrefu wa udongo chini ya njia, au kuchagua mti mdogo na kukubali kivuli kidogo.

Sasa upandaji wenyewe. Fukua mti uliokufa mwaka wa pili au wa tatu baada ya kupandwa, na mara nyingi utakuta kitu kimoja. Shina linaingia ardhini limenyooka kama nguzo, bila ule upanuko wa kitako unaoonyesha mizizi inapoanzia. Chimba zaidi, labda sentimita 15, ndipo kitako kinatokea, gome lake limekuwa jeusi na laini. Osha udongo, na utaona mzizi mnene umezunguka shina, umelikaba, umbo lake bado ni lile la mfuko wa kitalu. Hakuna mdudu hapo. Mti huu ulianza kuuawa ukiwa mche. Kitaluni, kila ulipohamishwa kutoka mfuko mdogo kwenda mkubwa, uliongezewa udongo juu. Siku ya kupandwa, shimo lilichimbwa kina kirefu na kujazwa chini udongo mwepesi, nao ulipolowa ukashuka pamoja na mti. Mwishowe mtu akarundika matandazo yakaegemea shina.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kabla ya kuchimba, ondoa udongo wa juu wa mfuko mpaka ukione kitako. Pima kutoka hapo hadi chini ya donge la mizizi. Hicho ndicho kina cha shimo, hata sentimita moja usizidishe. Upana uwe mara mbili hadi tatu ya donge, kwa sababu mizizi mingi ya kunyonya hukaa katika sentimita 30 hadi 60 za juu na kusambaa pembeni, mbali kupita ncha za matawi. Kata mizizi iliyojizungusha, usiionee huruma. Jaza udongo, mwagilia utulie, na usiukanyage kwa kisigino. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yakae mbali na shina kwa kiganja kimoja. Kama mti hauwezi kusimama wenyewe, funga nguzo chini, kwenye theluthi ya kimo, kwa mkanda mpana, na uondoe baada ya mwaka. Mti unaofungwa kwa nguvu usiyumbe haunenepi shina, na waya uliosahauliwa humezwa na gome na kukata njia ya chakula.

Kwenye mchoro, kinachomwangusha mwanafunzi mara nyingi ni miinuko, hata kama anajua mimea kwa moyo. Njia iliyoinuka mita 1.5 kwa mteremko wa 1 kwa 12, ambao ndio kikomo cha kawaida kwa kiti cha magurudumu, inahitaji mita 18 za urefu, na kwa kuwa kila mita 9 hivi lazima pawe na jukwaa tambarare la kupumzikia lenye mita 1.5, mita 19.5 zinaisha kabla hujahesabu majukwaa ya juu na ya chini. Wengi huchora mita 10 na kuandika neno "mteremko". Nyasi zinahitaji mteremko wa angalau asilimia 1 hadi 2 ili maji yasituame, yaani kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Zikipita 1 kwa 3, mashine ya kukatia nyasi inakuwa hatari kwa anayeisukuma, basi panda mimea inayotambaa. Ngazi za nje hufuata kanuni ya kuzidisha kimo cha kidato mara mbili, ukajumlisha upana wake, jibu likawa kati ya milimita 600 na 650. Kidato cha milimita 150 na mahali pa kukanyaga milimita 330 kinatembeka bila kufikiri. Vidato vyenye vimo tofauti ndani ya ngazi moja ni vya kubomoa.

Maji ni somo ambalo lingestahili muhula mzima. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukilishika hili, mengine yanafuata. Tuseme hali ya hewa inavukiza milimita 5 kwa siku, na nyasi zako hutumia asilimia 70 ya kiasi hicho. Uwanja wa mita za mraba 1,000 unahitaji lita 3,500. Mfumo wa kunyunyiza ukiwa na ufanisi wa asilimia 70, lazima utoe lita 5,000. Mwanafunzi aliyeishia kwenye 3,500 atachagua pampu ndogo na tangi dogo. Kisha ajifunze kupima mfumo ulivyo, maana kijitabu cha muuzaji hakitoshi. Panga makopo yanayofanana kila mita 2, fungua maji dakika 15, pima kila kopo. Tafuta wastani wa robo ya makopo yenye maji machache zaidi, ugawanye kwa wastani wa makopo yote. Ukipata 0.5, robo kavu inapata nusu ya wastani, na ili ishibe unalazimika kuwasha mfumo muda mara mbili huku kwingine kote kukigeuka matope. Chanzo huwa pua iliyoziba, kichwa kilichoinama, au vichwa vilivyowekwa mbalimbali kuliko vinavyoweza kurusha.

Utambuzi wa mimea unachosha, na hauna njia ya mkato. Majina ya mitaani hayatoshi: Azadirachta indica, yaani mwarobaini, na Melia azedarach huchanganywa kila siku, ilhali ukitazama jani, la kwanza limegawanyika mara moja na la pili mara mbili au zaidi. Mfumo wa majina mawili uliowekwa na Carl Linnaeus mwaka 1753 ndio unaozuia kuagiza kitu kisicho chako. Kosa la jina linaweza kuwa kosa la usalama pia. Nerium oleander ina maua ya kuvutia na haiombi maji mengi, ndiyo maana hupendwa. Lakini kila sehemu yake ina sumu, na mahali pa watoto haifai.

Hapohapo kuna suala la kuchanganya aina. Mwaka 1990 Frank Santamour, mtaalamu wa jenetiki ya miti wa Marekani, alipendekeza kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja, wala asilimia 30 ya familia moja. Huko Marekani miti ya jenasi ya Ulmus iliyopamba barabara iliangamizwa na ugonjwa wa kuvu, mingi ikabadilishwa kwa jenasi nyingine, Fraxinus, na mwaka 2002 mdudu mwenye rangi ya zumaridi atobowaye Fraxinus akagunduliwa Michigan. Tangu hapo ameua mamilioni ya miti hiyo. Wabunifu wanapenda safu ya miti inayofanana, na tunakiri inapendeza. Gharama yake ni kwamba ikiugua, inaugua yote. Tena kanuni ya asilimia haioni jambo moja: miti iliyooteshwa kwa vipandikizi vya mama mmoja ni nakala za mti uleule, hata ikiwa ndani ya asilimia 10.

Kupogoa kunaonekana kazi ya panga, na hapo ndipo miti huumizwa. Tawi zito hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, robo ya unene. Wa pili ni wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, ili tawi lianguke bila kuchuna gome hadi chini. Wa tatu unaondoa kigutu, nje tu ya ile shingo iliyovimba tawi linapokutana na shina. Ukikata ukaigusa shingo, umeharibu ukuta ambao mti ungeutumia kujitenga na uozo. Ukiacha kigutu kirefu, kinaoza na kuingiza kuvu. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alipasua maelfu ya miti akionyesha kwamba mti hauponi jeraha kama mnyama, bali hulizingira. Kupaka rangi au lami kwenye kidonda hakusaidii, na kupunguza zaidi ya robo ya majani kwa mwaka ni kuunyima chakula. Kuukata mti kichwa ndiko kubaya zaidi: machipukizi yanayofuata hushikilia juujuu, na baada ya miaka michache huanguka juu ya watu.

Upande wa usimamizi, tungeomba walimu wafundishe hesabu ya saa. Mashine yenye upana wa nusu mita ikisukumwa kilomita 3 kwa saa hukata mita za mraba 1,500, lakini ukitoa kona na kupishana kwa mistari inabaki kama 1,000. Hekta mbili ni saa 20 kila zinapokatwa. Zikikatwa mara 30 kwa mwaka ni saa 600, kabla hujafagia wala kutoa takataka. Msanifu anayetawanya miti mmoja mmoja katikati ya nyasi huongeza saa hizo, tena huleta mashine ya uzi ya kufyekea nyasi karibu na mashina. Uzi ukichuna gome kuzunguka shina lote, mti umekufa, hata kama majani yatakaa miezi. Duara la matandazo lenye nusu kipenyo cha mita 1 kuzunguka kila mti linaondoa tatizo, au panda miti kwa makundi. Nyasi zenyewe zisikatwe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja.

Viwanja vya michezo vina vipimo vyao: vipande vya mbao chini ya bembea viwekwe sentimita 30 kwa kuwa hushindiliwa, na pembeni mwa kila kifaa paachwe angalau mita 1.8 bila kitu kigumu. Njia za mkato zinazochorwa na miguu ya watu juu ya nyasi ni ramani ya bure. Kuziba kwa ua wa miiba hakudumu, zijengee.

Basi kijana anayechagua chuo aende akaangalie kitalu kabla ya ukumbi wa michoro. Aulize kama wanafunzi hukitunza hata wakati wa likizo, kwa kuwa miche haina likizo. Aulize kama mtihani wa mimea hufanywa kwa tawi halisi mezani au kwa picha, na kama mafunzo kwa vitendo hudumu msimu mzima wa ukuaji au wiki chache tu. Aulize pia kama anayesahihisha michoro amewahi kuitunza bustani baada ya kukabidhiwa.

Na vyuo tunaviomba jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Kila mwanafunzi apande mti katika muhula wa kwanza, na alama zake zitolewe mwaka wa mwisho: kitako kiwe kinaonekana, kipenyo cha shina kwenye sentimita 15 kutoka ardhini kiwe kimeandikwa kila mwaka, na urefu wa machipukizi mapya vilevile. Ambaye mti wake utakufa aufukue, aoshe mizizi, aandike ukurasa mmoja wa sababu, na ukurasa huo ukiwa sahihi upewe alama zilezile za mti ulio hai.

Wasalaam,
Watunza bustani za umma